Barua ya wazi kwa vijana wa jumuiya ndogo ndogo, Bagamoyo

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nasikia mnaandaa Misa ya kumkumbuka Padre John Kaiser tarehe 24 Agosti, na fulana zenye picha yake mmeshaagiza. Sipingi. Ila nawaomba kwanza mjue kazi aliyoifanya, maana nanyi mnaiweza.

Alikuwa Mmarekani wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki. Alifika Kenya mwaka 1964, akatumikia Kisii miaka mingi. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa Maela, karibu na Naivasha, kwenye kambi ya wakulima waliofukuzwa mashambani mwao katika machafuko ya miaka ya 90. Desemba 1994 kambi ikavunjwa, watu wakasombwa usiku kwa malori. Padre akakusanya ushahidi wao, na mwaka 1999 akasimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza machafuko hayo, akataja mawaziri kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara, kapigwa risasi kichwani. Wapelelezi wa Marekani, FBI, wakasema huenda alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya Nairobi ikasema aliuawa.

Sasa ya kwetu. Kuna kijiji huku wazee walisaini karatasi ya mahudhurio, kumbe ikaja kubandikwa nyuma ya muhtasari unaosema wameridhia kutoa ardhi. Bibi mmoja aliweka dole gumba akidhani anaandikishwa posho. Amelima eneo lile tangu aolewe! Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Ndiyo maana saini za wanyonge zinatafutwa kwa hila.

Basi hudhurieni mikutano hiyo, hata ikichosha, na huwa inachosha. Kabla mzee hajasaini, msomeeni kichwa cha karatasi kwa sauti. Muhtasari ukisomwa, upigeni picha kwa simu. Andikeni tarehe, aliyesema, alichosema, na mpaka wa shamba unapita wapi. Msiongeze chumvi hata kidogo. Neno moja la uongo litawaangusha wote mnaowatetea. Wala mtu asiende peke yake kwa mtendaji, nendeni wawili au watatu.

Jumapili baada ya Misa ya kwanza nitakuwa ofisi ya parokia na kaunta buku. Tutaanza na wajane, kwa sababu wao ndio wanaonyang'anywa kwanza.

Mzee wenu,
Bagamoyo