Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Uamuzi wa Kupima Umeme, Maji na Taka Viwandani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wenye viwanda. Vikao vya kawaida vilifanyika, semina ya usalama kazini na ziara ya mafunzo vilikwenda kama mlivyoona wenyewe, na hesabu zilizokaguliwa atazisoma mweka hazina.

Muda wangu nautumia kwa jambo moja: uamuzi kwamba kila mwanachama apime umeme, maji na taka za kiwanda chake na kumletea katibu takwimu hizo kila robo mwaka. Yamesemwa mengi. Wapo waliodai mwenyekiti anachungulia siri za biashara za watu, na wapo waliosema fedha za mfuko wa chama zilizonunua mita na kumlipa mhandisi zingefanya kazi nyingine. Uamuzi ulipitishwa kwa kura na muhtasari wa kikao upo. Wazo lilikuwa langu, na bado nalisimamia.

Nimejifunza kwa Ray Anderson, aliyeanzisha Interface mwaka 1973 huko Marekani, kampuni ya mazulia ya vipande vya mraba. Kwa miaka 20 alitii sheria na kuona inatosha. Mwaka 1994 wateja wakawa wanauliza kampuni inafanya nini kuhusu mazingira, naye hakuwa na jibu. Biashara yenyewe tuitazame: nailoni ya mazulia hutokana na mafuta ya petroli, na mitambo iliendeshwa kwa nishati ya mafuta hayo hayo. Angesema haiwezekani, nani angemlaumu? Yeye aliweka lengo la kuondoa madhara yote ya kampuni kwa mazingira ifikapo 2020, akaanza na taka. Gharama yoyote isiyomfaidi mteja ilihesabiwa kuwa taka, hata ankara iliyokosewa na mzigo uliopelekwa kusikotakiwa. Mwaka 2009 alieleza hadharani kuwa vita hiyo dhidi ya taka ilikuwa imeiepushia kampuni gharama za dola milioni 400 hivi, na kwamba hizo ndizo zilizolipia mageuzi yote. Wanaosema mazingira ni anasa ya wenye fedha wazitafakari hesabu hizo.

Tena si lazima ununue mtambo mpya. Katika kiwanda cha Interface cha Shanghai, China, mchoro wa kwanza ulitaka pampu zenye jumla ya nguvu farasi 95 (kipimo cha nguvu za mashine). Mhandisi wao akachagua mabomba manene badala ya membamba, akayapanga kwanza yapite njia fupi iliyonyooka, ndipo akaweka mitambo. Msuguano ukashuka, na pampu za nguvu farasi 7 zikatosha.

Kwetu pia tumeyaona. Mhandisi wa chama aliingia kiwanda cha mwanachama mmoja siku ya mapumziko, mashine zote zimezimwa, lakini kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inawaka, inazima, inawaka tena. Nilikuwepo. Tulifuata mlio wa hewa ukutani, tukapaka povu la sabuni kwenye viungio vya mipira ya kupitishia hewa, na povu likachemka kiungio baada ya kiungio. Mwenzetu alikuwa analipia umeme wa kujaza hewa inayovuja, usiku na mchana. Bila mita angeendelea kulaumu bei ya umeme. Hiyo ndiyo kazi ya fedha za mfuko! Na kuhusu siri, katibu huwasomea wanachama takwimu za jumla tu. Jina la kiwanda halitajwi.

Sasa mahudhurio na ada, nami nasema kwa masikitiko. Tuko wanachama 86. Waliolipa ada yote ni 31, wenye malimbikizo ya zaidi ya mwaka ni 40, waliobaki wamelipa nusunusu. Mkutano wa Machi ulikuwa na watu 19, wa Juni 22, mafunzo ya kusoma mita 14, na akidi ilikosekana mara mbili. Walioleta takwimu ni 11. Wengi wa waliopinga uamuzi hawakuwa kikaoni siku ya kura, ingawa barua za mwaliko walizipokea na kuzisaini. Kamati haiwezi kumsikiliza mtu asiyekuja. Mimi sijakosa kikao hata kimoja, na nauli yangu sijaidai.

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatarajia kuongeza mita, kutafuta wafadhili, na pengine kuanza utaratibu wa kiwanda kimoja kuchukua mabaki ya kingine kama malighafi. Msidai matokeo yote kwa mwaka mmoja. Anderson alifariki mwaka 2011, na kampuni yake ilitangaza kulifikia lile lengo mwaka 2019.

Fomu za robo ya kwanza ziko kwa katibu, na daftari la ada liko mezani kwa mweka hazina hadi mkutano utakapofungwa.

Mwenyekiti