Kuhusu zile meseji za Kihispania

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Habari za siku? Huku hatujambo, mama anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia umepata kazi kwa hao wanaouza pweza Hispania, ila niliposoma kwamba meseji za wanunuzi unazigeuza wewe kwa Kiingereza ili bosi azisome, nikaona nisilale kabla sijakuandikia.

Vifupisho vyenyewe visikutishe. "2po" na "vp" tumeviandika tangu enzi za simu za vitochi, na wenzetu ndivyo wafanyavyo: "salu2" ni saludos, yaani salamu, kwa kuwa 2 wanaisoma dos, "x" ni por, maana ndivyo wanavyoitaja alama ya kuzidisha. Hivyo utavizoea upesi.

Kinachonipa wasiwasi ni "xq". Inasimama mahali pa por qué, "kwa nini", na pia mahali pa porque, "kwa sababu". Mtu akiandika "xq no salio el contenedor" bila alama ya kuuliza, anadai maelezo kwa nini kontena halikuondoka, au anayatoa? Rudi kwenye meseji zilizotangulia, na ukiona bado giza, muulize mwenyewe. Hatari zaidi ni zile alama za mkazo wanazoziacha wakiwa na haraka. "El viernes pago" ni "Ijumaa nalipa". "El viernes pagó" ni "Ijumaa alilipa". Kialama kimoja juu ya o, na bosi anaachia mzigo akiamini hela imeshaingia! Hapo usibahatishe kamwe, hata akikusimamia kichwani.

Na tarakimu pia: 1.500 ya Mhispania ni elfu moja na mia tano, siyo moja na nusu.

Kiingereza chako kiandike kirefu, kwa sentensi kamili. Usijibu kifupisho kwa kifupisho, kwani tafsiri hiyo yaweza kufika benki au bandarini, na ukitokea ugomvi ndiyo itakayosomwa. Uchangamfu wa mnunuzi usiuue, lakini "bss", yale mabusu wanayomalizia watu waliozoeana, weka "Warm regards", yatosha. Na Kihispania chenyewe kibandike chini ya tafsiri kila mara.

Zile tatu ulizosema zimekushinda nitumie, nitazipitia Jumapili. Futa kwanza majina na bei, ni siri za ofisi yenu.

Akupendaye,
Shoga yako