Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Sanaa: sisi maticha wa kucheza anatupima nani?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni mwalimu wa kucheza hapa Dar, nafundisha watoto kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kuazima, sakafu ya simenti, spika moja ya bluetooth. Mwaka jana nilienda kuomba kazi shule moja hivi ya binafsi, mhasibu akaniuliza cheti cha kufundisha kucheza kinatolewa na nani, nikakosa jibu, akacheka na mi nikacheka, ila nilivyopanda daladala kicheko kikaisha maana yule bwana alikuwa sahihi. Wiki hiyohiyo nikaletewa binti wa miaka tisa goti limevimba, ticha wake wa mwanzo alikuwa anamrukisha kwenye simenti bila hata kupasha mwili. Na yule ticha bado anafundisha, nani amzuie?

Naomba nikupe stori ya Waingereza kidogo, maana na wao walipitia hukuhuku. Mwaka 1904 walimu wa dansi walikutana Hotel Cecil pale London wakaunda chama, ndo hiki leo kinaitwa Imperial Society of Teachers of Dancing. Ila inayonigusa mi ni ya 1920. Baleti ilikuwa inafundishwa na yeyote tu, anayejua na asiyejua, sasa jamaa mmoja Philip Richardson, mhariri wa jarida la Dancing Times, akawakusanya wakubwa wa fani kwenye chakula mgahawa wa Trocadero. Hebu cheki waliopewa kazi: Adeline Genée Mdenishi, Tamara Karsavina Mrusi, Lucia Cormani wa mkondo wa Kiitaliano, Edouard Espinosa wa Kifaransa, na Phyllis Bedells Mwingereza. Watu watano, shule tano tofauti, kila mmoja na namna yake ya kukunja goti na kunyanyua mkono, halafu wakae wakubaliane silabasi moja! Wakakubaliana. Tarehe 31 Desemba 1920 chama kikazaliwa, jina refu kama treni, Association of Teachers of Operatic Dancing of Great Britain, na mitihani ikaanza kwa walimu kwanza, sio watoto. Malkia Mary kuwa mlezi ni 1928, hati ya mfalme ni 1935, yani miaka 15 baadae ndo kikawa Royal Academy of Dancing. Walimu walitangulia, serikali ikafuata nyuma.

Kuna kitu kimoja kwao sikitaki lakini. Ile Imperial ilipofungua tawi la dansi ya ukumbini 1924, kina Josephine Bradley na Victor Silvester wakapanga hatua za wolzi na foksitroti zifanane kila sehemu, na sawa, dansi ya mashindano inahitaji hivyo, hata babu zetu enzi za Tanganyika walishindana kwa hizohizo wolzi kwenye klabu zao. Ila ukiifanyia sindimba, ngoma ya Wamakonde, hivyo umeiua, itakuwa gwaride. Mi nachotaka tupimane ualimu: unajua kupasha mwili wa mtoto, unajua kumfundisha kwa hatua, hiyo ngoma unayofundisha ulijifunza kwa nani.

Najua utasema BASATA, baraza la sanaa la taifa, ipo tangu 1984 na Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kinachotoa vyeti. Ni kweli na tunaheshimu, walimu wazuri wengi wametoka kule. Lakini bibi wa Kimakonde anayefundisha sindimba kijijini Mtwara, anayejua kuliko sisi wote, yeye cheti akakifuate Bagamoyo akiwa na miaka 70? Huyo anatakiwa awe upande wa watahini, mheshimiwa, sisi ndo tukafanye mtihani mbele yake.

Pesa hatuombi. Tunaomba ukumbi siku moja tu na barua yenye muhuri wa wizara, maana bila muhuri unajua mwenyewe watu hawaji, iwaite walimu wa sindimba, bugobogobo, lizombe, mdundiko na sisi wa dansi na baleti tukae meza moja, kugombana tutagombana, nna uhakika. Chai na maandazi tutajichangisha wenyewe.

Wako,
Ticha wa Jumamosi