Nyundo ikae mbali na usukani wa gari la zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie nyundo. Kurasa za magari huandika sana habari za injini na rangi, lakini usukani wa gari la zamani hausemwi mpaka uanze kuchezacheza mkononi mwa dereva.

Mimi ni fundi wa magari hayo. Ninaloletewa mara nyingi ni gari ambalo mwenyewe amejaribu kuushusha usukani kwa nguvu. Ncha ya shafti, yaani chuma kirefu kinachoshuka kutoka kwenye gurudumu la usukani, imebapa kama uyoga, nyuzi za nati zimelala, na mwenye gari ananiambia, "Uligoma kutoka, fundi, ikabidi niugonge."

Uliogoma ni gurudumu la usukani tu, na dawa yake ni pula, kifaa cha kulivuta gurudumu taratibu kwa skrubu. Legeza nati ya katikati lakini usiitoe. Iache ishike nyuzi chache. Ukiivua yote halafu ukavuta kwa mikono miwili, gurudumu likiachia ghafla litakupiga usoni. Nimeona pua za watu. Betri nayo iwe imefunguliwa kwanza, maana waya wa honi na wa swichi ya kuwashia hupita humo humo.

Kwenye magari mengi ya miaka ya 1950, shafti ni chuma kimoja kirefu, na katika baadhi yake inaingia moja kwa moja ndani ya boksi la stelingi, yaani sanduku la gia za usukani. Hapo hakuna cha kutenganisha: bomba linaloifunika shafti, shafti yenyewe na boksi hutoka pamoja, na wakati mwingine lazima uchomoe kupitia upande wa injini. Chuma hicho ndicho kilichokuwa kikiwachoma madereva kifuani gari likigonga.

General Motors iliweka shafti za kujikunja katika magari yake ya mwaka 1967, na kuanzia Januari 1, 1968 Marekani ikalazimisha kwamba gari dogo likigonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa, usukani usirudi nyuma kumwelekea dereva zaidi ya milimita 127. Nyingi ya shafti hizo ni vipande viwili, kimoja ndani ya kingine, vikishikiliwa na pini ndogo za plastiki. Plastiki, Mhariri! Imewekwa ikatike kusudi, ili gari likigonga shafti ifupike. Sasa mtu akigonga ncha ya juu kwa nyundo, anazikata pini hizo gari likiwa limeegeshwa, na kwa macho haoni kitu. Ukikuta chembe za plastiki chini ya bomba, au shafti imefupika, usiirudishe hivyo hivyo.

Chini, shafti inapokutana na boksi, ndipo subira inapohitajika. Nyoosha matairi ya mbele, kisha tia alama ya rangi kwenye shafti na kwenye kiungo kinachoiunganisha na boksi, vinginevyo ukirudisha hata kwa jino moja pembeni, gurudumu litakaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Bolti ya kubana mara nyingi hupita kwenye mfuo uliochongwa ubavuni mwa shafti, kwa hiyo kuilegeza hakutoshi, itoe kabisa. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia nyundo, na bolti bado imo. Ikishatoka, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ondoka ukafanye kazi nyingine, kisha rudi upanue mwanya wa kiungo kwa bisibisi bapa, taratibu. Kama kiungo ni kile cha raba na turubai, kikunje uone: kikiwa na nyufa, weka kipya.

Wakati wa kufunga, nati zenye pete ya plastiki ndani zisirudiwe. Na kabla ya kuwasha injini, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, msaidizi akiwa ameinama anatazama kile kiungo.

Fundi mzee, msomaji wako