Kiongozi wa mashtaka si wakili wa familia

Mhariri,

Kesi ya mauaji inapotajwa Mahakama Kuu, jamaa za marehemu hujibanza benchi la nyuma na kumkodolea macho kiongozi wa mashtaka wakiamini ndiye wakili wao. Siye. Huyo anaiwakilisha Jamhuri, anawajibika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP), na akiona inafaa shtaka la mauaji ligeuzwe liwe la kuua bila kukusudia, hahitaji saini ya mama wa marehemu. Imani hiyo huziponza familia nyingi, maana haki walizopewa na sheria za Kenya hazijileti zenyewe. Huombwa, tena kabla wakati wake haujapita.

Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, kifungu cha 9, inampa mwathiriwa, ambaye katika kesi ya mauaji ni familia ya marehemu, haki ya kuhudhuria kesi yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi, kujulishwa mapema ushahidi utakaotegemewa, kupata mkalimani, na kusikizwa panapojadiliwa mapatano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa na upande wa mashtaka wakikubaliana akiri bila kesi kusikizwa yote. Hata hivyo, wakili wa familia aliendelea kwa miaka kuketi kortini kama mtazamaji, akiandika tu daftarini. Mahakama ya Juu ilikata mzizi wa ubishi huo Septemba 4, 2020, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa dhidi ya Jamhuri. Sasa jaji anaweza kumruhusu wakili huyo kumuuliza shahidi swali ambalo kiongozi wa mashtaka hakuliuliza. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka: kesi isicheleweshwe bila sababu, haki za mshtakiwa zisiguswe, na familia isijigeuze mwendesha mashtaka wa pili. Jaji analazimika kuyatafakari maoni ya familia, halazimiki kuyafuata.

Kinachoharibika hapa ni ratiba. Ombi la kushiriki huletwa mashahidi wanne wakiwa wameshatoa ushahidi na kuondoka, na hapo jaji ana sababu nzuri ya kusema litachelewesha kesi. Liwasilishwe katika vikao vya kwanza, mara mshtakiwa anapojibu shtaka. (Katika kesi za mauaji huwa anapelekwa kwanza kupimwa akili kabla ya kusomewa shtaka, familia isitaharuki ikidhani anatafutiwa mlango wa kutokea. Ni utaratibu wa kawaida.)

Tena, mwakilishi wa familia asiwe shahidi. Shahidi hukaa nje ya chumba cha korti hadi zamu yake ifike, na familia inayomteua kaka aliyeuona mwili kwanza hujikuta haina mtu ndani siku zote muhimu za mwanzo. Tafuteni shangazi au binamu ambaye hakuandikisha taarifa polisi. Apewe daftari lenye nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), nambari ya kesi, jina la afisa mpelelezi na kila tarehe ya kutajwa. Wapelelezi huhamishwa vituo, na faili ikihama mkono bila familia kujua, simu huanza kupigwa kwa mtu asiyehusika tena.

Mambo mengine huharibikia mochari, kabla hata ya mtu kukamatwa. Kabla ya upasuaji, mwili hutambuliwa mbele ya daktari na jamaa, kwa kawaida wawili, na majina yao huandikwa kwenye ripoti. Hao wanaweza kuitwa kortini baadaye, kwa hiyo msimchague anayesafiri mwezi ujao kwenda kufanya kazi ng'ambo. Mwili usidungwe dawa ya kuuhifadhi kabla ya upasuaji, kwani dawa hiyo huvuruga vipimo vya sumu. Nguo za marehemu zisifuliwe wala zisichomwe kwa sababu ya uchungu, ni vielelezo. Zikiwa na damu, zikauke kivulini kisha zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuozesha kile ambacho maabara ingekisoma. Familia inaweza pia kuomba daktari wake ahudhurie upasuaji. Ombi liwe la maandishi, kwa afisa mpelelezi, na nakala yake ibaki na mhuri wa kupokelewa. Na ikiwa aliyeua anashukiwa kuwa polisi, taarifa ipelekwe pia IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi. Msiiachie kituo kilekile kijichunguze.

Dhamana huwachoma watu kuliko jambo lolote, na naelewa ni kwa nini. Ila Kifungu cha 49 cha Katiba kinaitoa hata kwa mshtakiwa wa mauaji, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Hasira ya familia si sababu nzito. Ujumbe wa simu wa kumtisha shahidi ni sababu nzito, hasa ukiwa umeripotiwa na una nambari ya OB. Kifungu cha 10 cha sheria ile ya 2014 kinataka usalama wa mwathiriwa na jamaa zake uzingatiwe masharti yanapowekwa. Afisa wa probesheni akija kuandaa ripoti ya dhamana, mwelezeni kwa umbali na majina: nyumba ya mshtakiwa iko hatua ngapi kutoka kwa shahidi, nani alifuatwa sokoni, lini. Hata dhamana ikitolewa, jaji anaweza kumwamuru asikanyage kijiji hicho hadi kesi iishe. Sharti hilo mara nyingi halipo kwa sababu hakuna aliyeliomba.

Kuhusu mapatano ya kukiri kosa, kifungu cha 137D cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kiongozi wa mashtaka aipe familia nafasi ya kutoa maoni kabla ya kukubaliana, ila hali isiporuhusu. Nambari ya simu isiyopatikana ni hali isiyoruhusu. Andikeni barua kwa ofisi ya DPP mapema kwamba mnataka kusikizwa, na mpeane nambari mbili.

Wazee nao wana nafasi yao, lakini hawafungi kesi ya mauaji. Ni kweli kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana. Hiyo isichukuliwe kuwa kanuni. Mkipokea ng'ombe au pesa za mazishi kutoka upande wa pili, karatasi ieleze ni za mazishi. Neno "tumesamehe" lenye saini za watu saba litaibuka siku ya kujitetea kabla ya hukumu.

Na siku hiyo ndiyo familia husikika zaidi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 14, 2017, hukumu ya kifo si ya lazima kwa kosa la mauaji. Jaji anapima, na miongoni mwa mambo ambayo Mahakama ya Juu iliyataja mwaka 2021 ni athari za kimwili na kisaikolojia kwa familia ya aliyeuawa. Athari hizo hufika mezani kupitia taarifa ya athari, inayotolewa baada ya mshtakiwa kupatikana na hatia na kabla ya kuhukumiwa, chini ya vifungu vya 329A hadi 329F vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kurasa mbili zinatosha. "Tumeumia sana" haimwambii jaji kitu. "Mtoto wa pili aliacha kidato cha pili mwezi Mei, karo ikilipwa na marehemu, mama hajalala chumbani tangu usiku ule" inamwambia. Ambatisheni risiti za hospitali na ripoti ya mshauri nasaha. Msitukane, wala msilete ushahidi mpya wa nani alifanya nini. Wakili wa utetezi ataomba taarifa yote itupwe.

Fidia ina mtego wake. Sheria ya Ajali za Vifo inampa mke, mume, mzazi na mtoto nafasi ya kumshtaki aliyesababisha kifo, hata kama kitendo ni cha jinai, lakini muda ni miaka 3 tangu kifo. Kesi ya mauaji huweza kupita muda huo bila hukumu. Familia husubiri hatia ipatikane kwanza, maana kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia iliyokamilika kuwa ushahidi usiopingika katika kesi ya madai, na inapofika wamechelewa. Fungueni kesi ya madai ndani ya muda. Kifungu cha 193A cha sheria ya mwenendo wa jinai hakiruhusu kesi ya jinai isimamishwe kwa sababu ya hiyo ya madai. Mkiishtaki Serikali, muda ni miezi 12 tu. Anayeidai fidia kwa niaba ya mali ya marehemu ahakikishe kwanza ana barua za usimamizi wa mirathi.

Pale mume anapomuua mke, au mtoto mzazi, kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kinamzuia muuaji kurithi. Wekeni pingamizi kwenye mirathi mara moja, kwa sababu shamba linaweza kuuzwa kesi ikiendelea.

Baada ya hukumu, familia nyingi hubadilisha nambari za simu na kuhama. Lakini miaka kadhaa baadaye mfungwa anaweza kuomba msamaha wa Rais, na Kifungu cha 133 cha Katiba kinairuhusu kamati ya ushauri kuzingatia maoni ya waathiriwa. Barua moja kwa kamati hiyo, yenye nambari ya kesi, jina la mfungwa na anwani mpya ya familia, ipelekwe mwaka uleule wa hukumu.

Msaidizi wa kisheria,
Nairobi