Usiilipe hiyo Twin kwanza

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako na ile picha vilinifika jana baada ya Alasiri, nikavikalia mpaka Magharibi. Sisi huku sote wazima. Shemejio anakusalimu na anauliza mtakuja lini na watoto.

Picha nimeikuza mpaka nikahesabu skrubu. Amplifaya ya gita ya valvu, Fender Twin Reverb, kitambaa cha mbele chenye nyuzi za fedha, spika mbili za inchi 12, na mwenyewe anahama nchi, anataka aiuze kabla mwezi haujaisha. Nawe unaniuliza uichukue au fedha hiyo ununue prosesa ya kidijitali, kile kifaa kinachoiga sauti za amplifaya. Nakujua, swali kama hili halikupi usingizi, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Usilipe. Angalau usilipe wiki hii. Mimi nakushauri prosesa, na nakushauri hivyo huku roho inaniuma, maana wewe ndiye shahidi wa jinsi nilivyoipenda ile yangu ya valvu. Unaikumbuka? Ndogo, wati 22, valvu mbili (zile chupa za glasi zinazokuza sauti) za aina ya 6V6 na nyingine ya kugeuzia umeme. Ukiukung'uta uzi kwa nguvu, sauti haikukurupuka. Ilijikunja kwanza, nukta tu, kisha ikafunguka. Miaka mingi nilidhani ni mkono wangu. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba valvu zikivuta umeme kwa pamoja, volti za ndani hushuka kidogo, hasa pale umeme unapogeuzwa kwa valvu, halafu hupanda tena uzi ukiwa bado unalia. Ile pumzi ndiyo iliyonifundisha kupiga solo. Nikiharakisha ilinimeza, nikiacha nafasi ilinijazia.

Sasa hiyo Twin pumzi hiyo haina. Ina valvu 10, nne kati yake ni za aina ya 6L6, nene, wati 85, na umeme wake haugeuzwi kwa valvu. Imeundwa makusudi isijikunje: ukiongeza, inazidi kuwa kubwa na inabaki safi. Kwa muziki wetu hiyo si kasoro hata kidogo. Sisi tumekulia mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic. Wilson na George Kinyonga walipitia hapa hapa, Jamhuri Jazz, kabla ya kuunda bendi ya Simba Wanyika kule Kenya. Magita ya muziki huu hupishana kama watu wawili kwenye uchochoro wa Ngamiani, bila kugusana mabega. Sauti ikichafuka kidogo tu, rithim inazama na solo inabaki inapiga kelele peke yake. Tunataka usafi, na Twin inao.

Lakini usafi si mali ya valvu, yakhe. Kampuni ya Roland waliitoa amplifaya ya JC-120 mwaka 1975 bila valvu hata moja, transista tupu, na hadi leo anayetafuta sauti safi anaitaja kabla hujamaliza kuuliza. Valvu zinastahili kuliliwa pale zinapobanwa mpaka zinaanza kupasuka, na wewe kwa wati 85 hutazibana kamwe ukumbi wowote wa Bagamoyo. Utabeba kilo 29 kila Ijumaa usiku kwa ajili ya kitu ambacho hutakitumia.

Halafu kuna umeme. Ule usiku wa Makorora hukuwepo, ulikuwa umeshahamia huko. Harusi imechanganya, saa tano umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Amplifaya ikaguna, kisha nikasikia harufu ya vanishi inayoungua. Kesho yake fundi wangu wa Barabara ya 12 akaifungua mezani. Kabla ya yote alitia mkono mmoja mfukoni, akachukua waya wenye rezista, akaondoa umeme uliobaki kwenye kapasita. Mle ndani mna volti zaidi ya 400, na hazitoki kwa sababu tu umechomoa plagi. Mkono mmoja mfukoni ni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kisha akanionyesha valvu moja. Kwa ndani, kwenye ile glasi, kila valvu ina doa la fedha linalong'aa kama kioo. Kwenye hiyo moja doa lilikuwa jeupe kama chokaa. "Hewa imeingia," akasema, akaiweka kando kama mtu anayeweka kando kikombe kilichovunjika.

Kilichoniuma zaidi ni fyuzi. Kuna mtu, kabla haijafika mikononi mwangu, aliizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kwa hiyo valvu ilipokufa, fyuzi iliyotakiwa ife iokoe wenzake haikufa, na transfoma ikala yote. Valvu nilizipata baada ya miezi. Transfoma sijaipata mpaka leo. Valvu zenyewe siku hizi zinatoka viwanda vichache mno, vya Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kutoka, wapiga gita wa Ulaya na Marekani walihangaika. Seuze sisi? Na hiyo ni mbali ya hewa yetu ya chumvi, inayokula miguu ya valvu. Kila baada ya miezi michache nilikuwa nazichomoa, nasafisha soketi, nazirudisha, la sivyo inakoroma. Bagamoyo nako ni pwani ile ile.

Basi nikanunua prosesa. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu wanaokusifia hawakwambii: miezi mitatu ya mwanzo nilipiga vibaya. Noti zote zilikuwepo, lakini nilikuwa napiga kama mtu anayezungumza na ukuta. Nilikuwa nachomeka moja kwa moja kwenye mixa, spika kubwa zikiwa mbele zinawatazama watu, na mimi nikibaki na kile nilichopewa kwenye monita ya chini, akikumbuka fundi mitambo. Nikailaumu prosesa. Nikabadilisha amplifaya ndani yake, leo hii, kesho ile, kila usiku na hedifoni.

Kosa halikuwa huko. Ile sauti ya kisanduku cha spika iliyomo ndani ya prosesa imechukuliwa kwa maikrofoni iliyowekwa karibu sana na spika halisi. Kwa hiyo unayoisikia ni amplifaya iliyokwisha kurekodiwa. Wewe umezoea amplifaya iliyosimama nyuma yako, inayokupiga kwenye mashavu ya miguu. Ni vitu viwili tofauti, na masikio yanakataa kabla hujajua yanakataa nini. Nikaazima spika yenye amplifaya yake ndani, nikaiweka nyuma yangu upande wa kulia, imelala kidogo inatazama juu. Usiku ule ule mgongo ukajua tena gita liko wapi. Mpiga besi akanigeukia wimbo wa pili, akatikisa kichwa, akaniachia nafasi kama zamani.

Kwa hiyo ukigawa fedha yako, usizimalize kwenye prosesa. Chukua ya bei ya kati na nusu ya pili itie kwenye spika. Prosesa ghali bila spika nyuma yako itakufanya uuze gita. Na sauti zako zipange kwa ukubwa wa jukwaani, usizipange chumbani usiku watoto wamelala. Ile besi nzuri unayoisikia taratibu nyumbani, ukumbini inageuka tope na kumfunika mwenzio.

Wale wanaosema sauti ya kidijitali ni ya plastiki wanakumbuka mambo ya zamani. Prosesa ya POD ya kampuni ya Line 6 ilitoka mwaka 1998, na kweli vidole viliiona tofauti. Kisha ikaja Axe-Fx mwaka 2006, Kemper ya Wajerumani mwaka 2011, Helix mwaka 2015, na kila moja ilisogea. Kuhusu kuchelewa kwa sauti, usihofu. Milisekunde tatu ni kama kurudi nyuma mita moja kutoka kwenye spika, na wewe jukwaani unatembea zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Hiyo Twin isiondoke hivi hivi. Mwombe yule bwana akuachie siku moja tu. Kuna programu ya bure inaitwa Neural Amp Modeler. Unapeleka sauti maalumu ndani ya amplifaya, unarekodi inachotoa, halafu kompyuta inajifunza tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka, mpaka inaweza kuiga yenyewe. Kila mkao wa vitufe vya kuzungusha unarekodiwa peke yake, kwa hiyo tutachagua minne au mitano, ile tunayoitumia kweli kwa solo na kwa rithim. Mwangwi wake na tremolo, ule mtetemo wa sauti, tutavizima, havinasiki kwa njia hii. Nitakuja na laptopu, saundi kadi na maikrofoni zangu mbili. Itabaki kwetu, mimi na wewe na yeyote tutakayempa.

Na vijana wako wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, waite wote. Mmoja mmoja asimame mbele yake na gita lake, sauti ikiwa juu, asikie kifuani namna wati 85 za valvu zinavyosukuma hewa. Hilo halitaingia kwenye laptopu, na wengi wao hawatalipata tena.

Ila kabla ya yote, tafadhali sana, igeuze usome nyuma pameandikwa volti ngapi. Kama ni 120, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Usiichomeke ukutani hata dakika moja, umeme wetu ni 230 na yatakukuta ya Makorora. Muulize mwenyewe alikuwa anatumia transfoma gani ya kushushia, na kama anayo, iwe ya wati 500 kwenda juu. Tazama na fyuzi. Ukiona karatasi ya fedha, usiiwashe mpaka nifike.

Nipigie ukishasoma. Nikipata jibu kabla ya Jumatano, Alhamisi napanda basi la alfajiri.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Mwenzio wa gita la pili