Sikuomba maiki mimi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni, saa tisa ya usiku imeshapita, jogoo wa jirani ameshawika mara mbili. Jogoo huyo nimemchoka, kila akiwika namkumbuka Petro alivyomkana Yesu. Baba watoto amelala. Yeye hasali kwetu na haya mambo hayajui, naomba ibaki hivyo.

Niseme mapema: sikuomba maiki mimi. Ilikuwa ibada ya shukrani, na hizo za kwetu unazijua, ukinyoosha kidole tu mzee wa kanisa ameshafika na maiki kabla hujajipanga. Nilikuwa na neno fupi. Nilipopimwa sukari mara ya kwanza ilikuwa 14. Wiki ile kliniki wakanipima asubuhi sijatia kitu tumboni, ikatoka 6.2. Nesi akaniambia, mama, dawa imekukubali, endelea hivyo hivyo. Nilifurahi mpaka nikajinunulia doti ya kanga. Nikataka kumshukuru Mungu, basi. Nikasema ilikuwa 14, sasa ni 6. Vigelegele. Kinanda kikaingia. Mchungaji akanisogelea, akaniuliza mbele ya watu wote: "Na dawa je, mama? Bado unameza?"

Nikasema, nilishaacha.

Neno moja, Shangazi. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza metformin yangu, kidonge cha sukari, baada ya chai, na ya jioni ilikuwa kwenye pochi, nimeifunga kwa tishu. Pochi yenyewe nilikuwa nimeibana kwapani wakati nasema nimeacha. Lakini ungekuwepo ukaona nyuso zile! Ungesema nini wewe? Ungesema "nameza" kinanda kikalie nani?

Tangu siku hiyo naitwa mama ushuhuda. Kipande kile kimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka shangazi yangu wa damu, wa kijijini, kakiona. Nimeitwa kwenye mkesha kurudia, nikarudia. Wakaja wageni, nikarudia. Sawa, mara hizo mbili maiki niliishika mwenyewe, sikatai. Ila ile ya kwanza sikuiomba. Na dawa sijaacha hata siku moja, nazibandua kwenye karatasi zake nazificha kwenye kopo la iliki, sasa nikimeza ni kama nakunywa chai ya sikukuu.

Nimelelewa Mlutheri mimi, katekisimu niliikariri kabla ya kipaimara. Amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Dada yangu aliyeolewa kwa Wasabato anasema ni ya tisa, tuliwahi kubishana siku nzima juu ya namba. Namba! Leo ninachokisikia ni lile neno jirani.

Maana yupo mama mmoja wa kikundi chetu cha Alhamisi. Naye ana sukari, ya siku nyingi kuliko yangu. Baada ya ushuhuda wangu alinifuata nje, akanishika mikono yote miwili, akasema, mwenzangu umenifungua, za kwangu nimezimwaga chooni. Nikamjibu, amina.

Hiyo amina ndiyo hainilazi.

Wiki iliyopita nimemkuta ana kidonda kwenye kidole cha mguu, amekifunga kitambaa. Nikamuuliza, kinauma? Akacheka, hakiumi kabisa, unaona Mungu? Na kliniki tulishafundishwa, mtu wa sukari kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia akioshe kwa maji ya chumvi, nikaondoka.

Usifikiri nimekaa kimya. Nilikwenda kwa mchungaji ofisini nikamweleza yote, kopo la iliki na kila kitu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema tusiwavunje moyo wachanga wa imani, niendelee kukiri uzima na mwili utafuata. Akaniombea. Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Ni nani mwongo, mimi niliyejibu au aliyeuliza swali la namna ile mbele ya kinanda? Sikuomba maiki mimi!

Nimesoma Biblia mpaka macho yanauma. Wale wakunga wa Misri walimdanganya Farao na Mungu akawatendea mema. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya dari, akasema wameshaondoka, na jina lake limo kwenye ukoo wa Yesu, Mathayo mlango wa kwanza. Nikafurahi kidogo. Halafu nikaona kwamba wao waliokoa watu. Nikafunga. Anania na Safira sitaki hata kuwafungua, ingawa wao walificha fedha ya kiwanja tu, hawakumwambia mtu amwage dawa. Na mimi sikumwambia! Sikumwambia, Shangazi, aliamua mwenyewe.

Marehemu mama yangu mwaka 2011 alikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu, cha shilingi 500. Nilimcheka sana. Alirudi akaendelea na vidonge vyake vya presha mezani, wazi, kila mtu akiona. Alisema kikombe ni cha Mungu na vidonge ni vya Mungu. Mimi ndiye niliyejiona msomi.

Sasa nikimwambia yule mama peke yake, kwa siri, itatosha? Au uongo uliosemwa kwa maiki unafutwa kwa maiki? Usiniambie nipande tena pale mbele, siwezi, nina watoto wanaimba kwaya, mmoja anatafuta mchumba. Ingawa Jumapili ni shukrani ya mwisho wa mwezi na gauni nimeshalipiga pasi, sijui kwa nini nimelipiga. Labda unishauri nihame kanisa kimya kimya. Lakini kuhama sitaki, nawapenda wale watu.

Alhamisi hii kikundi ni zamu ya nyumbani kwake. Zamani alikuwa anatunywesha chai tamu, yake anaiacha kavu. Siku hizi na yeye anaweka vijiko vitatu na kutuonyesha kikombe. Ukiweza, nijibu kabla ya Alhamisi. Jina langu usiliandike, wala mkoa.